Delta ya Tana haipimwi kwa ukijani wake

Ukiitazama Delta ya Tana kwenye picha za setilaiti utaiona kijani, na ni rahisi kusema iko salama. Mimi sikubali. Mathenge nao ni kijani. Ukishatamalaki malishoni, majani ya ng'ombe hukosa nafasi, na picha ya juu haikuonyeshi upesi kilichopotea.

Ardhi oevu hii, hekta zaidi ya 160,000, iliingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar. Mkataba huo, ambao Kenya ni mwanachama tangu 1990, unaitaka serikali ijue mapema hali ya eneo inapobadilika au inapoelekea kubadilika. Mapema! Basi nauliza: nani anapima, anapima nini, na matokeo anampa nani?

Kwangu kipimo cha kwanza ni mafuriko. Delta huishi kwa mto kufurika masika na vuli. Maji yakitandaa huacha rutuba kwenye mpunga wa Wapokomo, hujaza maziwa ambamo kambare huzaliana, na yakishuka huwaachia Waorma majani ya kiangazi. Mabwawa ya juu, Masinga (1981) na Kiambere (1988) yakiwemo, yamevuruga mpangilio huo, na udongo mwingi hubaki huko. Gharika bado huja, kama ya 2024, lakini maji yanayobomoa nyumba hayalishi shamba. Kwa hiyo iandikwe maji yalifika lini, yalifika wapi, yalikaa siku ngapi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa kwenye delta hii, na pamoja na siasa, maji na malisho yalikuwa ndani ya ugomvi ule.

Cha pili ni chumvi. Wakulima wa Ozi, karibu na Kipini, wanalalamika kwamba bahari inapanda mtoni na kuua mpunga na miembe. Kifaa cha kupima chumvi chatosha mfukoni. Kijana wa kijiji aweza kukitumbukiza mtoni kila bamvua na kila maji mafu, akaandika daftarini.

Bwawa la High Grand Falls bado linazungumzwa. Likijengwa kabla ya vipimo hivi, mkulima wa Ozi akidai fidia ataambiwa alete ushahidi. Daftari lianze masika ijayo, nakala moja kwa wazee wa kijiji, nyingine ofisi ya kaunti Hola, na yeyote aruhusiwe kuisoma.