Nipe Probox, Baki na Jangwa Lako

Wasee wa Nairobi mnaocheza Gaslands, nina ugomvi na nyinyi, na nimeubeba kutoka Roret kwa matatu mbili na boda moja, kwa hivyo msitarajie niutoe kwa upole.

Kwa ambao hawajui, Gaslands ni mchezo wa mezani wa magari yanayopigana. Uliandikwa na Mike Hutchinson, ukachapishwa Uingereza na Osprey Games mwaka wa 2017, na toleo lililopanuliwa likafuata 2019. Unachukua vigari vya kuchezea, hivi vya Hot Wheels na Matchbox vinavyotoshea kiganjani, unabandika bunduki na mabati, unapaka rangi ya kutu, mnakutana mezani. Hakuna ubao wenye miraba. Gari linafuata kipande cha karatasi kilichokatwa kwa umbo la njia: moja kwa moja, kona ya kawaida, kona kali. Gia ni sita, na raundi ina awamu sita. Aliye gia ya tano anasonga mara tano wakati wa gia ya kwanza anasonga mara moja. Utamu uko hapo, na balaa pia. Ukikata kona kwa kasi unarusha dadu za kuteleza, dadu zikikukataa unakusanya alama za hatari, na zikifika sita gari limekushinda: linazunguka, pengine linapinduka, unaanza upya gia ya kwanza.

Ni mchezo poa. Sina neno na Mwingereza. Wazo lake zima limesimama juu ya vigari vya bei rahisi, vile mtoto amesahau chini ya kitanda.

Neno langu ni na meza niliyoikuta kwenye ghorofa moja huku Nairobi mwaka juzi. Meza safi, mchanga halisi umegandishwa kwa gundi, mafuvu, mapipa ya mafuta, na magari kumi na mawili yote ya Kimarekani, yenye boneti ndefu na meno yamechorwa mbele. Nikatoa langu mfukoni: Probox. Nilikuwa nimeliunda kwa waya na bati la mkebe wa soda, magurudumu ya malapa, rangi nyeupe ya kucha ya dadangu. Kimya. Kisha mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayekupa ushauri wa bure, kwamba gari langu "halina theme." Mwingine akauliza kama nataka kuazimwa Mustang.

Manze, Mustang! Mimi nimeona Mustang kwa macho yangu mara mbili tangu nizaliwe. Probox nimeipanda tukiwa watu tisa, mimi nikiwa nimekalia sambaza, jogoo wa mtu akinipumulia shingoni, kutoka Roret hadi Litein, dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umezuia mlango. Kama kuna gari duniani lililorekebishwa kwa ajili ya vita, ni hilo. Na wewe uniambie halina theme?

Lile jangwa mnalolijenga ni la watu wengine. Lilitoka Australia na Mad Max ya 1979, likapita Marekani ambako Car Wars ilikuwa ikichezwa kwa vipande vya karatasi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, likatua kwenye kitabu cha Hutchinson. Wale waliolianzisha walikuwa wanatazama barabara zao: ndefu, zilizonyooka, mafuta yanaadimika, polisi ni wachache. Waliogopa walichokijua. Nyinyi mmenunua woga wao ukiwa ndani ya plastiki, mkaufungua kwa makini usiharibu kadi.

Kwetu hakuna jangwa hata la dawa. Roret iko Bureti, Kaunti ya Kericho, na ardhi yote ni kijani cha majani chai, kilima juu ya kilima. Mvua inakuja alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Kitabu kina silaha ya kumwaga mafuta barabarani ili anayekufuata ateleze. Mezani kwetu silaha hiyo tuliifuta siku ya kwanza, kwa sababu kuanzia raundi ya tatu mvua inanyesha na barabara yote inakuwa hiyo silaha. Udongo mwekundu hauhitaji risasi.

Na kuunda magari hatukufundishwa na mtu kwa video. Mtoto wa Roret wa umri wangu alikuwa na lori la mkebe wa Kimbo kabla hajawa na viatu. Waya wa seng'enge uliochomolewa mahali usiulize wapi, vizibo vya soda, usukani mrefu wa mti ili uendeshe umesimama. Tulikuwa na lori za kubeba majani, zenye wavu nyuma, tukijaza majani ya kweli. Tuligonganisha pia. Kulikuwa na mteremko nyuma ya nyumba ya kogo, nyanya yangu, na sheria ilikuwa moja: ukigongwa na lori likaachana na magurudumu, unampa aliyekugonga kizibo kimoja. Hatukuita mchezo wa kivita. Tuliita kwenda kituo cha majani.

Kwa hivyo Desemba iliyofuata nilirudi nyumbani na kitabu. Vile vipande vya njia nilivichapisha kwenye saiba ya Litein, nikavibandika kwenye karatasi ngumu ya katoni. Dadu zilikuwa za ludo, tukazichora upya kwa kalamu. Meza ni mlango wa zamani wa choo, tuliousugua vizuri, uliowekwa juu ya kreti, upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine makusudi. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza, sheria ya mteremko: ukishuka, gari lako linapanda gia moja bure, utake usitake, na unarusha dadu moja zaidi. Hakuna kitu kama hicho kwenye jangwa. Jangwani kasi ni uamuzi wako. Kwetu kasi inaweza kukujia tu, na breki ni maombi.

Sheria ya pili ililetwa na binamu yangu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuendesha Probox ya kweli. Alisimama akatutazama raundi mbili nzima, mikono mfukoni. Kisha akauliza, "Sasa hili gari lenu, mbona halina abiria?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kitabuni gari lina wafanyakazi wake, na idadi yao inaamua unaweza kushambulia mara ngapi. Mtu wa kubebwa hayuko, isipokuwa mchezo maalum uutunge mwenyewe. Binamu akaingia jikoni, akarudi na maharagwe. Akaweka tisa juu ya paa la Probox. Kumi na nne kwenye matatu. Mawili kwenye boda. "Sasa chezeni," akasema.

Hapo ndipo mchezo ulibadilika, na hapo ndipo nyinyi wa mchanga na gundi mnanikasirikia. Tulikubaliana kwamba kila ukigongwa, ukateleza au ukapinduka, maharagwe yanayoanguka hayarudi. Mwisho wa mchezo kila mtu anahesabu aliofika nao. Ghafla vijana waliokuwa wakipiga kelele "gonga! gonga!" wakaanza kukokotoa. Mwenye gia ya tano akiwa na maharagwe kumi na manne aliishika dadu kama yai. Mdogo wetu wa darasa la sita alikataa kabisa kufyatulia Probox iliyojaa, akasema atapiga boda ya nyuma. Binamu yake mkubwa akamwambia boda pia ina mtu. Wakabishana dakika kumi, na mimi nikakaa kimya kwa sababu tangu nianze kucheza sikuwahi kusikia ubishi mzuri kama huo. (Kogo alipita akaona maharagwe yake sakafuni na kuuliza kama kesho tutakula magurudumu.)

Nilipowasimulia watu wa ile meza ya Nairobi, jibu lilikuwa nimeua raha. Ati mchezo ni wa kutoroka dunia, si wa kuirudisha. Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu na bado naliona la uvivu. Mnaona raha gari likilipuka kwa sababu aliye ndani ni mtu wa hadithi za mbali, asiye na mama Kapkatet. Basi semeni hivyo, tujue. Msiseme raha yenyewe ndiyo inadai hivyo. Raha ilikuwepo pale kwa kogo, tena tele; ila ilikuwa na bei, na bei ndiyo iliyomfanya kila mtu aiangalie meza.

Kuna pingamizi lingine, na hili sitalichukulia kwa mzaha. Mzee mmoja wa kanisa alipita, akaangalia, akasema, "Vijana, nyinyi mnacheza na damu." Alikuwa na haki ya kusema. Kaunti hii inajua. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilianguka Fort Ternan alfajiri, watu zaidi ya 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lilipoteza mwelekeo makutano ya Londiani likaingia kwenye matatu, kwa wapita njia na kwa watu waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara. Zaidi ya 50 tena. Hakuna mtu wa Kericho anayehitaji kuelezwa lori likikosa breki linafanya nini.

Nilimjibu mzee kwa heshima kwamba sisi damu hatukuileta mezani, tuliikuta barabarani, na pale mezani angalau inahesabiwa. Hakuridhika. Akaenda zake, na sidai nilimshinda. Siku hiyo hiyo mmoja wetu alikuwa amepanga vibanda kando ya njia, vijiti vya kiberiti na vipande vya kitambaa, vizuri sana, hata nyanya za shanga nyekundu. Binamu dereva aliviondoa kimoja kimoja akavitia kwenye kiberiti, hakusema kitu, na hakuna aliyemuuliza. Meza yetu haina soko. Naujua huo ni udhaifu katika hoja yangu yote, na nimeuacha hapo.

Lakini ona kitu kingine. Nchi hii iliwahi kuandika sheria za gia. Mwaka wa 2004 John Michuki alilazimisha matatu zifungwe vidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa, na mikanda kwa kila kiti. Kila anayeendesha anajua jinsi kidhibiti kinavyochezewa ili gari lifunguke. Nimewaona wahandisi wa ajabu kando ya barabara. Mezani tumeweka kidhibiti pia: unaweza kukiondoa kabla ya mchezo, unapata gia ya sita, na kila shimo linakupa alama mbili za hatari badala ya moja. Fikiria wote huondoa? Wa maharagwe kumi na manne hawaondoi. Wenye lori tupu huondoa.

Na kama ni silaha mnataka, mdogo wetu alijenga mashine ya kuchuma chai, kichana cha nywele kimefungwa mbele ya trekta. Kitabuni ingekuwa kifaa tu cha kuparuza. Mezani, kabla hata haijasonga, magari yote yaliigeukia bila kuelewana. Mnakumbuka Mei 2023, mashine hizo zilipochomwa moto kwenye mashamba makubwa ya Kericho, kwa sababu waliokuwa wakichuma kwa mikono walijua hesabu yake. Mtoto wa darasa la sita hakuhitaji ukurasa wa maelezo ya ulimwengu. Alisema tu, "Hiyo wataichoma," akaipa maji mengi ya kuzimia.

Halafu kuna zawadi. Katika hadithi ya Gaslands, matajiri wamehamia Mars, dunia imebaki majivu, na watu wanauana kwenye runinga ili mshindi apate tiketi ya kuondoka. Nilipoieleza, kogo ndiye aliyecheka wa kwanza. Aliuliza kama hiyo Mars ni ile ya Qatar au ile ya Canada, na ng'ombe wangapi huuzwa.

Kwa hivyo wekeni mchanga wenu kando. Desemba hii tunacheza tena, mlango wa choo bado upo, na tunaanza saa tano asubuhi ili tumalize raundi mbili kabla ya mvua ya kweli. Njoo na gari ulilolitengeneza. Mustang ikibidi, lakini uipandishe watu. Maharagwe tutakuazima, na kogo huyahesabu jioni.