Ukikuta Bunduki, Iache Ilipo

Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wanajeshi wa serikali walivua magwanda wakaacha silaha njiani. Vijana waliziokota, na watoto pia. Tarehe 18 Februari Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba imethibitisha M23 waliwaua watoto bila hukumu mjini Bukavu, na kwamba ina habari za watoto waliokuwa na silaha mikononi. Kati ya majirani zetu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, wapo walioyaona hayo kwa macho kabla ya kuvuka mpaka wa Kisoro.

Hapa bunduki hazizagai barabarani, tunashukuru. Lakini haziko mbali. Mbarara kuna kambi ya jeshi ya Makenke, na mlinzi wa benki au wa kituo cha mafuta anakaa na bunduki mapajani tangu asubuhi. Mlinzi hulewa akaisahau. Mwizi anayekimbizwa hutupa alichobeba kichakani.

Tuseme binti yako ametumwa kuni, akakuta gunia kando ya shamba la mahindi, na mtutu umechungulia. Anakuja mbio kukuambia. Wazo la kwanza la mzazi ni kuizika usiku. La pili ni kunyamaza, maana nikienda polisi wataniuliza nimeitoa wapi, mimi mkimbizi, na kesho jina langu liko OPM, ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi.

Hofu hiyo si ya kijinga, na wanaotucheka kwa ajili yake hawajawahi kuishi kwa kitambulisho cha ukimbizi. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda, ya mwaka 1970, inamkataza mtu yeyote kukaa na bunduki au risasi bila kibali. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia wasishitakiwe katika mahakama za kijeshi, lakini Bunge likapitisha sheria mpya mwezi Mei, Rais akaitia saini mwezi Juni, na raia anayekutwa na silaha za jeshi anaweza tena kufikishwa huko. Kwa hiyo tazama vizuri mahali hatari inapoanzia. Bunduki ikiwa kichakani, wewe ni shahidi. Ukishaiingiza nyumbani, hata kwa nia ya kuipeleka polisi asubuhi, imekutwa kwako.

Basi usiiguse. Usichomoe magazini ukidhani umeituliza, kwa sababu risasi moja yaweza kuwa imebaki chemba na hiyo moja inatosha. Alama za vidole vyako nazo hutaki zibaki pale, maana hujui bunduki hiyo imefanya nini juzi. Mwite jirani kabla hujapiga simu, ili muwe wawili mlioiona ikiwa chini. Mmoja abaki kwa mbali akizuia watoto na mbuzi, mwingine amwendee mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi, au wa LC1, baraza la kijiji, kama ni ardhi ya wenyeji, na polisi wapigiwe 999 au 112. Kiswahili kinatosha, polisi na wanajeshi wengi wa Uganda wanakifahamu. Ukikuta bastola chini ya kiti cha taksi ya Mbarara, mwambie dereva kwa sauti ya chini asimame penye polisi, abiria washuke, yenyewe ibaki palepale.

Na picha ya WhatsApp, jamani, hapana. Ukiituma kwenye kundi, vijana watafika kabla ya polisi.

Baada ya kuandika taarifa, omba uandikiwe kwenye karatasi namba yake ya kumbukumbu katika kitabu cha kituo, ile wanayoiita SD, na jina la afisa aliyeipokea. Karatasi hiyo ihifadhi pamoja na vyeti vya familia.

Kuna anayesema bunduki ya kuokota italinda nyumba. Awaulize Wakaramoja, wafugaji wa kaskazini-mashariki mwa Uganda. Mwaka 1979 askari wa Idi Amin walipokimbia kambi ya Moroto, ghala lilibaki wazi na wafugaji wakabeba silaha kwa maelfu. Zilizochukuliwa kulinda ng'ombe zikawa za kuiba ng'ombe. Serikali ikaja kuzikusanya mwaka 2001, ikarudi 2006, na Julai 2021 ikaanzisha operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita na kazi hiyo ilikuwa bado inafanywa.

Wanaotutia wasiwasi zaidi ni watoto wanaookota vyuma chakavu. Mtoto anayelipwa kwa kilo hachagui. Guruneti lenye kutu kwake ni chuma kizito, yaani hela. Wanunuzi wa vyuma nao wanajua wanachopokea, na wazazi wanajua ni nani ananunua.

Tunawaomba polisi wa Base Camp, pamoja na OPM, waje kwenye mikutano ya RWC katika kanda zote tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, waseme hadharani kwamba mtu hatawekwa ndani kwa kuripoti tu. Waseme kwa Kiswahili, na Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali zitafsiriwe palepale. Mpaka watakapokuja, jarida hili litaendelea kuwaambia wasomaji waende kuripoti wakiwa wawili.