Furaha za Watu na Haki za Nyumba



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu tumeletewa swali na mama mmoja wa hapa Mwanza, na kwa kuwa swali lenyewe lazigusa nyumba nyingi, tumeona tulijibu katika ukurasa huu ili faida iwe ya wote. Mama huyo asema kwamba mumewe hupiga picha za video katika maharusi. Ana kamera mbili na kompyuta moja, na chumba kimoja cha nyumba yao amekifanya studio. Riziki yapatikana, ada za watoto zalipwa, wala mume hana tabia mbaya. Walakini akitoka na mkoba wake Ijumaa jioni, hurudi Jumapili usiku, na siku zilizosalia hukesha mbele ya kompyuta. Mama auliza: je, ni haki yake kumtaka mumewe aiache kazi hii?

Kabla ya kujibu, yatupasa tuitazame kazi yenyewe. Wako wanavyuoni wanaozuia picha, na wako wanaoruhusu picha za kamera. Mlango huo hatuufungui leo, kwani aliyeuliza hakuuliza hilo. Sisi twasema na yule ambaye amekwisha kuishika kazi hii kwa nia ya kutafuta halali. Kijana anayeamka na kwenda kuchuma kwa mkono wake ni bora kuliko anayekaa barazani akingoja kupewa. Na kazi hii ina faida kwa watu. Bibi mkongwe asiyeweza kusafiri aiona harusi ya mjukuu wake. Ndugu aliyeko Maskati au Dubai aisikia sauti ya baba yake akimwozesha binti. Basi tusiidharau kazi, wala tusimdharau mwenye kuifanya.

Tatizo liko wapi, basi? Twaona liko katika siku. Mwenye duka hufunga jioni akarudi kwake. Fundi cherehani hushona Jumatatu kama anavyoshona Alhamisi. Lakini watu huoana siku ambazo watu wamepumzika, nazo aghlabu ni Jumamosi na Jumapili. Siku hizo ndizo watoto hawaendi skuli, ndizo jamaa hutembeleana, ndizo baba na mwana wangekula pamoja. Kadhalika miezi. Harusi hujaa mwezi wa Shaabani, kwa kuwa watu wataka kuoana kabla ya Ramadhani. Hujaa tena mfungo mosi, baada ya Idd. Na hujaa Juni na Desemba, wakati skuli zimefungwa. Kwa hiyo kazi ya harusi haichukui siku yoyote tu katika maisha ya mtu, bali yachukua zile zile siku ambazo nyumba yake ilikuwa ikimngojea.

Jambo la pili ni hesabu. Vijana wengi wa kazi hii hudhani wameuza siku moja. Tuhesabu pamoja. Iko siku ya kwenda kuonana na kamati na kuutazama ukumbi. Iko siku ya harusi yenyewe, tangu asubuhi kwa bwana harusi, kisha nikahi msikitini, kisha walima, mpaka saa 5 au saa 6 za usiku. Kisha kuna kuhamisha picha, kuzichagua, kuzikata na kuziunganisha, na wenyewe hutuambia kwamba harusi moja yaweza kula mikesha mitatu au minne. Kisha mteja ataka nakala, na baada ya nakala ataka shangazi yake aongezwe. Basi aliyeuza siku moja, kwa kweli ameuza wiki. Na kwa kuwa aliweka bei ya siku moja, hapana budi akimbilie harusi nyingine ili mfuko ujae. Hivyo ndivyo mtu anavyochoka na asitajirike.

Na sisi watu wa kandokando ya ziwa tuna hesabu nyingine juu ya hiyo. Harusi ya Nansio, Ukerewe, si ya siku moja. Meli kutoka Mwanza huchukua saa tatu na zaidi, na sherehe ikiisha usiku hakuna wa kukurudisha mjini. Yakubidi ulale na ungoje kuche. Wala haifai mtu afanye haraka akajitupa katika chombo kilichojaa kupita kiasi kwa sababu mteja mwingine amngoja. Hatujaisahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa; wala tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara ikiwa imebeba watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 220. Hakuna harusi inayostahili kuharakiwa kwa hatari ya namna hiyo.

Kwa upande wa Sengerema na Geita, Mwenyezi Mungu ametufungulia njia. Zamani mtu alingoja kivuko pale Kigongo, akavuka mpaka Busisi, na jua likamchwea njiani. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limefunguliwa, na kuvuka ni jambo la dakika chache. Mpiga picha aliyekuwa akilala Sengerema sasa aweza kurudi kwake usiku ule ule. Hii ni neema. Lakini twamwuliza: saa zile ulizookoa umempa nani? Wengi wamezipa harusi ya pili. Jumamosi wako Geita, Jumapili wako Magu, na daraja lililojengwa limrudishe mtu nyumbani limekuwa la kumpeleka mbali zaidi. Kosa si la daraja. Muda ukipatikana usipopewa mwenyewe, huchukuliwa na yeyote apitaye.

Sasa tutazame dini yetu yasemaje. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume wetu (Rehema na Amani zimshukie) aliwaunganisha kwa udugu Salmani Mfursi na Abu Dardaa. Siku moja Salmani alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe Ummu Dardaa hana mapambo wala nadhifa ya mke aliye na mume. Alipomwuliza sababu, akajibiwa kuwa Abu Dardaa hana haja tena na dunia. Mchana alikuwa akifunga na usiku akisimama kusali. Salmani akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, akamzuia asikeshe mpaka usiku wa mwisho, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli yake wana haki, basi ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alimsadiki Salmani.

Tazameni, ndugu zetu, uzito wa jambo hili. Kilichomtenga Abu Dardaa na mkewe hakikuwa pombe wala upuuzi. Ilikuwa ni ibada. Ikiwa sala na saumu za sunna hazikuruhusiwa kuila haki ya mke, itakuwaje kukata na kuunganisha picha za harusi za watu? Tena mume asiseme, "Mimi nahangaika kwa ajili yao." Chakula ni haki moja, nayo ni kubwa. Kuonekana, kusikilizwa, kuketi pamoja na kulea ni haki nyingine, na haki moja hailipi deni la nyingine.

Katika madrasa yetu twayaona haya kwa macho. Mtoto mmoja alihitimu Juzuu Amma, tukafanya dua ndogo siku ya Jumamosi na wazazi wakaalikwa. Mtoto yule alisoma vizuri, lakini kila mlango ulipofunguliwa alinyamaza akageuza shingo. Baba yake alikuwa Nansio akipiga picha za furaha ya watu wengine. Hatumlaumu, kwani alikuwa amekwisha kupokea fedha za watu na kuahidi, na ahadi ni deni. Twasema tu kwamba siku ile ilikuwa moja, na haina nakala.

Basi jibu letu kwa mama aliyeuliza ni hili: haki yako si kumwachisha mumeo kazi, bali kumdai siku. Na wewe bwana, tafadhali yasikilize mambo matano.

La kwanza, kitabu cha miadi kiandikwe nyumba kwanza. Mwaka ukianza, keti na mkeo mkitazama kalenda mbili, ya Kiislamu na ya skuli. Andikeni hitima za watoto, siku za Idd, safari ya kumwona mama kijijini, na angalau wikiendi moja katika kila mwezi ambayo haiuzwi kwa bei yoyote. Mteja akiiomba siku hiyo, mwambie, "Siku hiyo nimekwisha kuchukuliwa." Hukusema uwongo, umechukuliwa na wenye haki ya mwanzo.

La pili, bei iwe ya kazi yote. Hesabu safari, mikesha na nakala, kisha ndipo utaje thamani. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametuamrisha kuyaandika mapatano ya deni. Basi andikianeni na mteja: tarehe ya harusi, saa ya kumaliza, kiasi cha malipo ya awali, siku ya kukabidhi kazi, na mara ngapi atasahihishiwa. Harusi tatu za mwezi zenye bei ya haki ni bora kuliko sita za bei ya huruma.

La tatu, mke asifanywe kibarua asiye na ujira. Katika nyumba nyingi za kazi hii, mke ndiye apokeaye simu, ndiye achajiye betri, na mara nyingine ndiye aketiye kwenye kompyuta baada ya kuwalaza watoto. Suratun Nisaa yatufundisha kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Akifanya kazi, apewe fungu lake mkononi, na liwe mali yake. Kumsaidia mumewe kwa hiari ni ihsani, lakini ihsani haiombwi kila usiku.

La nne, sitara za watu ni amana. Kupaka hina, singo na ngoma za wanawake si mahali pa kamera ya mwanamume. Mkeo au dada yako akijifunza kazi, upande ule utakuwa wake, na wateja wenye haya watakuja kwenu kwa sababu hiyo. Picha za bibi harusi zisirushwe mtandaoni ili kujitangaza ila kwa idhini ya wenyewe. Hata serikali imeliona jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na kompyuta yenye sitara za watu isiwe kitu cha kuchezewa na watoto nyumbani.

La tano, watoto waijue kazi ya baba yao. Kule Zanzibar, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akaishika kazi ile ile. Mtoto harithi kazi ambayo kwake ni mlango uliofungwa. Mwite mwanao siku ya kazi nyepesi, afute kioo cha kamera, akunje waya, akuulize maswali. Saa moja ya namna hiyo humfunza ustadi, na humpa baba.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye harusi. Ninyi pia mna sehemu katika jambo hili. Kamati yaandika kuanza saa 8 mchana, watu wafika saa 11, na mpiga picha husimama mpaka usiku wa manane bila sahani ya pilau. Kisha salio la fedha zake laahirishwa mwezi hata mwezi, ilhali fedha za ukumbi zililipwa mapema kwa kuwa mlango ungefungwa. Mtume s.a.w. alituusia mwenye kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mkimcheleweshea salio, mwamlazimisha kukubali harusi nyingine Jumapili ambayo alikuwa amewaahidi wanawe. Mlipeni kwa wakati, mwanzeni kwa wakati, mmruhusu aondoke kwa wakati. Naye ana mlango unaomngojea.

Nanyi vijana mnaotamani kamera, jifunzeni kazi, na jifunzeni pamoja nayo kusema "siku hiyo sina nafasi". Neno hilo ni zito kulisema mfuko ukiwa mtupu, na hapo ndipo hujulikana nani ameitawala kazi yake na nani ametawaliwa nayo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zinazofungwa mwezi huu katika mji wetu na visiwa vyetu, awape wanaozihudumia riziki ya halali, na azijaze nyumba zao mapenzi na huruma. Amin.