Volkano hailali, kompyuta isilale

Wakaaji wa Majengo hawajasahau jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na lava kusimama Buhene, jirani kabisa. Miezi kadhaa kabla ya hapo, kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilikuwa kimekosa pesa ya intaneti.

Intaneti peke yake haitoshi. Umeme ukikatika usiku kisha ukarudi, kompyuta inayopokea vipimo vya mlima inapaswa kuwaka na kuendelea yenyewe. Kazi iliyofungwa kwenye jina la mfanyakazi mmoja hungoja mpaka afike asubuhi aandike neno la siri. Kurekebisha hilo ni kazi ya fundi, wala si ya mfadhili! Familia zilizokimbia vita zinastahili kuambiwa redioni kama limefanyika.