Dawa ya sukari: kwa nini mmoja ananona na mwingine anakonda?

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, mwili wa mtu unasomwa na kila anayepita. Mama akinona, majirani wanasema bwana yake anamtunza vizuri. Akikonda, maneno yanaanza: pesa imeisha, ao iko na sida, ao wamemroga. Kwa mgonjwa wa sukari maneno hayo si mchezo, juu dawa nyingi za ugonjwa huu zinagusa njaa na kilo za mtu. Kuna wanaoacha sindano juu wamenona. Kuna wanaoacha vidonge juu wamekonda. Na kuna wanaofurahia kunona, kumbe kinachowanonesha ndicho kinachopandisha sukari yao.

Kwamba dawa inaweza kubadilisha mwili, hilo ni kweli. Lakini kila dawa ina njia yake, na si kila badiliko ni la kuogopa.

Ugonjwa wenyewe unakondesha

Insulini ni homoni inayotoka kwenye kongosho. Inafungulia sukari mlango itoke kwenye damu na kuingia ndani ya misuli. Ikikosekana, ao isipofanya kazi vizuri, sukari inajaa kwenye damu na nyingine inatoka na mkojo. Mgonjwa anakula bugali na maharagi kama kawaida, pengine hata zaidi, lakini chakula kinapita tu. Mwili unaanza kula mafuta na nyama yake wenyewe. Kwa hiyo kiu kali, kukojoa kila saa, njaa isiyoisha na kukonda haraka ni alama za kwenda kupima sukari, mbele ya kutafuta nani amemroga mtu.

Tena, si kila mwenye sukari ni mnene ao tajiri. Katika mwezi wa nne 2025, huko Bangkok, Shirikisho la kimataifa la kisukari lilitambua aina ya tano ya ugonjwa huu. Inahusiana na kukosa chakula cha kutosha, zaidi sana utotoni, na inapata vijana wembamba. Kwa majimbo ambako utapiamlo wa watoto ni jambo la kila siku, hiyo habari haiko ya mbali.

Insulini: kilo zinazorudi

Mwezi wa kwanza 1922, katika hospitali moja ya Toronto, nchini Kanada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipewa sindano ya insulini, wa kwanza kati ya wagonjwa wa sukari. Alikuwa na kilo karibu 30 tu. Wakati ule wanganga walikuwa wanawanyima wagonjwa kama yeye chakula, ili waishi siku kidogo zaidi. Insulini ilimrudishia nguvu, na akaishi hadi 1935.

Kwa mgonjwa aliyekuwa amekonda, kilo za kwanza anazoongeza kisha kuanza sindano ni kilo ambazo ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya. Sukari haimwagiki tena na mkojo, inabaki mwilini. Lakini kilo zinaweza kuendelea kupanda, zaidi sana kama sukari inashuka mno mara kwa mara, juu mwili unaoshuka sukari unadai chakula kwa nguvu.

Uchunguzi mkubwa wa Uingereza, uliofuata wagonjwa kwa miaka kama 10 na kutangazwa 1998, ulionyesha kwamba waliotumia insulini waliongeza kilo 4 zaidi kuliko wale waliotegemea hasa mpango wa chakula. Wa glibenclamide, kidonge kinachojulikana sana katika famasia, waliongeza kilo 1.7 hivi. Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba kushusha sukari kulipunguza kwa robo hatari ya madhara ya mishipa midogo, kama yale ya macho na figo. Mtu anayeacha sindano ili apungue anaokoa nguo zake na kupoteza macho yake. Na kwa mgonjwa wa aina ya kwanza, mara nyingi mtoto ao kijana, kuacha insulini kunaweza kumuua ndani ya siku chache.

Njaa ya dawa na njaa ya vita

Hatari kubwa zaidi kwa eneo hili iko mahali pengine. Dozi ya insulini ao ya glibenclamide inapangwa kwa mtu anayekula kila siku kwa saa zinazojulikana. Familia iliyokimbia vita, ao mchuuzi ambaye hakuuza kitu, inaweza kula mara moja tu kwa siku. Dawa haijui hayo. Inaendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu.

Mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, moyo unapiga mbio, njaa inamshika, kichwa kinachanganyikiwa. Wengine wanamdhania mlevi ao mwenye pepo. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe haraka sukari vijiko vitatu hadi vinne vidogo ndani ya maji, ao sukre ya kawaida, kisha akule kitu. Kama baada ya dakika 15 bado, arudilie. Akiwa amezimia, asimwagiwe kitu mdomoni: apelekwe hospitali.

Shirika la afya ulimwenguni, OMS, katika orodha yake ya dawa za lazima linapendekeza gliclazide, na linasema glibenclamide haifai kwa waliopita miaka 60, juu ya hatari hiyo ya kushusha sukari mno. Mzee anayemeza glibenclamide na anayekula kwa bahati ana sababu ya kumuuliza munganga kama kuna kingine.

Metformin: tumbo linalokataa

Metformin, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Ufaransa 1957, ndiyo kidonge cha kwanza kinachopewa wengi wenye sukari ya aina ya pili. Hiyo hainoneshi. Inaweza kupunguza hamu ya chakula na kilo chache, na mwanzoni inaleta kichefuchefu ao kuhara. Wengi wanaiacha hapo, wakisema dawa "inawamaliza". Mara nyingi taabu hiyo inapungua kama dozi imeanza kidogo na kupandishwa polepole, na kama kidonge kinamezwa pamoja na chakula. Ikiwa peke yake, ni mara chache metformin inashusha sukari hadi hatari. Kwa mtu ambaye chakula chake hakina saa, hiyo ni faida kubwa.

Sindano ya matajiri

Dawa inayozungumziwa sana sasa kwenye simu ni semaglutide, inayouzwa kwa jina la Ozempic. Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa sukari mwishoni mwa 2017. Inaiga homoni ya matumbo inayoambia ubongo kwamba mtu ameshiba, na inachelewesha chakula kutoka tumboni. Katika uchunguzi wa 2021, watu wanene wasio na sukari waliochomwa dozi kubwa yake walipoteza karibu kilo 15 kwa kila 100 za uzito wao, ndani ya wiki 68. Wenye sukari walipoteza kama 10 kwa 100. Walioacha sindano, mwaka mmoja kisha, sehemu kubwa ya kilo ilikuwa imerudi.

Mwezi wa tisa 2025, OMS iliweka dawa za kundi hilo kwenye orodha ya dawa za lazima, kwa wenye sukari ya aina ya pili ambao pia ni wanene na wana ugonjwa wa moyo ao wa figo. Lakini kuwa kwenye orodha hakufikishi dawa kituo cha afya. Kalamu zake zinahitaji frigo, bei yake iko juu, na wagonjwa wengi wa Kongo wanalipa dawa kutoka mfukoni. Tena mwezi wa sita 2024 OMS ilitoa onyo juu ya Ozempic za uongo zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kalamu inayouzwa mkononi mwa mtu, bila karatasi ya munganga, ni ya kukataa.

Dawa za kunonesha

Wakati Ulaya na Marekani wanatafuta sindano ya kukondesha, katika miji mingi ya Kongo watu wanatafuta kunona. Vidonge vya dexamethasone na cyproheptadine vinanunuliwa kwa kazi hiyo bila ushauri wowote. Cyproheptadine inaongeza njaa. Dexamethasone inaongeza njaa pia, inajaza uso, na inapandisha sukari kwenye damu. Mgonjwa aliyechoka na maneno ya mtaa, akitaka mashavu yarudi, anaweza kuharibu kwa kidonge kimoja kazi yote ya kidonge kingine. Na mwenye kuvitumia kwa muda mrefu asiviache gafula bila kuona munganga: mwili unaweza kuanguka.

Kupima kuliko kuangalia

Macho ya jirani hayapimi sukari. Kinachosaidia ni mizani ileile mara moja kwa mwezi, kipimo cha sukari kila inapowezekana, na ukweli mbele ya munganga: unakula mara ngapi kwa siku, unameza nini kingine. Dozi inaweza kupunguzwa. Dawa inaweza kubadilishwa.

Na kama mtu anameza dawa vizuri, lakini anaendelea kukonda bila kutaka, apimwe upya, pamoja na kifua kikuu. Mwenye sukari ana hatari ya ugonjwa huo mara mbili hadi tatu kuliko mwingine, na una matibabu.