Hii Sigara Ni Starehe au Ni Deni?

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Nilikuwa Nkome, kule Geita, nikitafuta habari za wavuvi wa dagaa. Habari yenyewe imeshatoka gazetini, na wahariri wameipunguza kama kawaida yao. Lakini kuna jambo lilinipata kule ambalo lisingeingia gazetini, na ndilo nataka tulizungumze leo. Linahusu sigara.

Naanza kwa kukiri kwamba mimi ni mvutaji. Nilianza nikiwa chuo, Mwanza, mwaka wa pili, na miaka yote hii mtu akiniuliza kwa nini navuta nilikuwa na jibu moja tu: ni starehe yangu. Wengine wana bia, wengine wana Simba na Yanga, mimi nina fegi yangu nikimaliza kuandika. Hela ni yangu, mapafu ni yangu. Ukinitajia habari za uraibu ningekuonyesha mateja wa stendi nikuambie, waraibu ni wale pale.

Kwa wale msiopafahamu, Nkome iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, wilaya ya Geita. Ukitaja Geita watu wengi huwaza dhahabu, lakini pale mwaloni maisha ni samaki na dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanaufuata mwanga, kisha wavu unavutwa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, wavuvi wanapumzika.

Basi tuliondoka saa 12 jioni, mimi na wavuvi wanne. Nahodha alikuwa baba wa makamo, mtu wa maneno machache. Tulipokuwa mbali na nchi kavu nikajipapasa mfukoni na kugundua kwamba pakiti yangu imebaki kwenye begi, na begi limebaki gesti. Nikauliza kama kuna mwenye sigara. Wakacheka. Vijana watatu hawavuti, na nahodha aliacha zamani.

Mpaka saa 3 usiku nilikuwa mzima. Saa 5 nikaanza kuwajibu watu kwa mkato. Saa 7 kichwa kizima kilikuwa sigara tupu. Wenyewe mtaani wanaita arosto, ingawa neno hilo sikuwahi kufikiri kwamba linanihusu.

Ilikuwa saa hizo hizo nahodha alipoanza kuzungumza bila kuulizwa. Alikuwa anasimulia habari za mdogo wake aliyezama ziwani. Alieleza usiku ule ulivyokuwa, upepo ulivyogeuka, na maneno ya mwisho waliyoambiana. Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno ambayo mwandishi husafiri siku mbili kuyafuata na mara nyingi hurudi bila kuyapata. Kalamu ninayo, daftari ninalo, msemaji yuko hatua mbili kutoka nilipo. Na mimi nilikuwa napiga hesabu ya saa zilizobaki kabla hatujafika ufukweni.

Akanyamaza kidogo, akauliza, "Unasikia, mwandishi?"

Nikasema, "Nasikia, baba."

Asubuhi nilipofungua daftari nilikuta maneno mawili tu: mdogo wake. Nikaona haya kumwomba arudie.

Tulipotia nanga nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kwanza, nikanunua sigara mbili, nikawasha moja pale pale. Sijawahi kupata raha kama ile. Mabega yalishuka, dunia ikatulia, nikaanza hata kuona kwamba ziwa ni zuri. Nahodha alikuwa pembeni na kikombe chake cha chai. Akaniambia, "Naona umepona."

Nikacheka. "Baba, hii ndiyo starehe yangu."

Akanywa chai, akasema, "Hivyo ulivyo sasa ndivyo tulivyokuwa sisi usiku kucha. Na hatukulipia."

Maneno hayo nimerudi nayo mjini na hayajanitoka. Maana yana ukweli ambao nimeukwepa kwa miaka. Ile raha niliyoipata kibandani ilikuwa ya kweli, siwezi kuikana. Lakini ilinifikisha wapi? Ilinirudisha pale ambapo asiyevuta yupo muda wote. Ni kama mtu anayevaa viatu vinavyombana mchana kutwa ili jioni apate utamu wa kuvivua.

Wataalamu wanaeleza hivi. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na huko inachochea dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Ubongo ukizoea unaongeza vipokezi vya nikotini, vikisubiri chakula chao. Kila baada ya saa 2 hivi nikotini iliyomo kwenye damu inapungua kwa nusu. Vipokezi vinapokosa ndipo hasira, kutotulia na kushindwa kufikiri vinapoanza. Unawasha nyingine, mambo yanatulia, nawe unaisifu sigara kwa kukuondolea mawazo ambayo ni yenyewe iliyoyaleta.

Watu wa mwaloni wana jina la biashara ya namna hii. Kuna mtu anakukopesha hela ya mafuta, kisha dagaa wako wote unamuuzia yeye kwa bei yake. Ukienda kwake anakupokea vizuri, anakupa na soda. Utamwita rafiki?

Kuna jambo jingine. Jaribu kuikumbuka sigara yako ya kwanza. Yangu ilinikohoza, ikanizungusha kichwa, nikatapika nyuma ya hosteli. Embe halihitaji mazoezi, ukilionja mara ya kwanza unajua ni tamu. Sigara nilijifunza kuipenda kwa wiki kadhaa, na nilijifunza kwa sababu wenzangu walikuwa wakivuta na nilitaka kuonekana mkubwa.

Nisieleweke kwamba swali hili limewasumbua watu wa Nkome na mimi tu. Mwaka 1964 ripoti maarufu ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ilisema sigara inaleta saratani ya mapafu, lakini uvutaji wenyewe ikauita mazoea, si uraibu. Ilichukua mpaka mwaka 1988 ripoti nyingine ya ofisi hiyo hiyo kutamka wazi kwamba nikotini inafanya mtu kuwa mraibu. Hata baada ya hapo, Aprili 1994, wakuu saba wa kampuni za tumbaku walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakaapa, na kusema kwamba hawaamini kuwa nikotini ina uraibu. Mwaka 2006 jaji wa nchi hiyo aliamua kwamba kampuni hizo ziliudanganya umma kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukisema "ni starehe yangu tu", jua kwamba kuna watu waliolipwa vizuri ili wewe uendelee kusema hivyo.

Najua majibu, maana nimeyatumia yote. Kule ziwani utaambiwa sigara inafukuza baridi. Kumbe nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na vidole vya mvutaji vinapoa zaidi. Kwenye maduara ya dhahabu utaambiwa sigara inampa mchimbaji nguvu ya kushuka tena. Mtu ambaye ameshavuta vumbi la mawe siku nzima, vumbi ambalo lenyewe linachakaza mapafu na kukaribisha kifua kikuu, anapanda juu na kuongeza moshi. Sigara nayo inaongeza hatari ya kifua kikuu. Sasa hapo nguvu iko wapi?

Jibu moja tu linanipa taabu, nalo ni la urafiki. Sisi waandishi tunajua kwamba kumwomba mtu kiberiti ni njia rahisi ya kuanzisha mazungumzo. Marafiki zangu wawili wakubwa niliwapata hivyo. Nilipotafakari zaidi nikaona kwamba raha ile ilikuwa ya watu, sigara ilikuwa kisingizio tu. Na usiku ule ziwani, mtu alipoamua kunifungulia moyo wake, ni sigara iliyonizuia kumsikia.

Nakubali pia kwamba si kila anayevuta ni mraibu. Wapo wanaovuta moja kwenye harusi na kukaa miezi bila kukumbuka. Hao sina ugomvi nao, ingawa moshi wao nao unadhuru. Kipimo changu ni chepesi: starehe ikikosekana unaweza kusikitika kidogo ukaendelea na shughuli zako. Ikikosekana ukashindwa kumsikiliza mwenzako anayekusimulia kifo cha mdogo wake, hiyo itafute jina jingine.

Kwa nini nang'ang'ania jina? Kwa sababu jina linabadilisha tunavyotendeana. Tukiita starehe, basi anayeugua amejitakia, na anayeshindwa kuacha hana msimamo. Tukiita uraibu, tunaanza kuuliza nani anamsaidia. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani, mkataba ambao pamoja na mengine unazitaka nchi ziwasaidie watu kuacha. Mwaloni Nkome sigara moja moja niliziona kila kibanda. Katika maduka ya dawa niliyoyapitia tangu nirudi nimeulizia ubani wa nikotini, ule unaotafunwa ili kupunguza arosto, na nimekuwa nikiangaliwa kama mtu anayetania. Mlango wa kuingilia uko kila kona, wa kutokea tunaambiwa tuutafute wenyewe.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku nchini hawafiki 1 kati ya 10. Maana yake walio wengi wanaishi kama wale vijana watatu wa kwenye mtumbwi, wanafanya kazi ile ile, kwenye baridi ile ile, na mawazo yale yale, bila hiyo "starehe". Hawajapungukiwa na kitu.

Leo ni siku ya tisa sijavuta. Siku tatu za kwanza niligombana na kila mtu ofisini, na ninaomba radhi. Wanasema makali hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne, kwa hiyo bado sijafika, na sitaki kujigamba hapa halafu mnikute kesho nyuma ya jengo.

Mwezi ukififia nitarudi Nkome kwa nauli yangu mwenyewe. Nataka nimwombe nahodha anisimulie upya habari za mdogo wake, kama atakubali. Na akiniuliza tena kama nasikia, nataka nimjibu ukweli.