Masomo Yafuate Saa za Ng'ombe

Ndugu Mkulima,

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Daftari la wanaokwenda kusoma katika kituo cha mafunzo ya wakulima liko mikononi mwangu. Kozi yetu ni ya siku tano mfululizo: mtu hufika Jumatatu, hulala huko huko, hurudi kwake Ijumaa. Mafunzo yenyewe ni mema sana. Lakini mpango huo haumfai kila mtu, na wale wasiofaiwa ndio wenye haja kubwa.

Mwaka jana mama mmoja wa skimu yetu aliandikwa kwa kozi ya ng'ombe wa maziwa. Siku ilipofika hakuonekana. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, "Hakufika", na nafasi yake nikampa mwingine. Baadaye alikuja ofisini akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, baba watoto yuko kazini mbali. Ng'ombe wangu wangekamuliwa na nani?" Sikuwa na jibu. Wewe wajua kwamba ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, na akiachwa, maziwa hupungua na kiwele huweza kuugua. Mama yule si mvivu. Kosa lilikuwa katika ratiba yetu.

Je, masomo yaweza kugawanywa? Yaweza, wala si jambo geni hapa Kenya. Mwaka 1967, kule Kikuyu, yalianzishwa masomo kwa njia ya posta na redio. Walimu wasio na cheti walisoma nyumbani bila kuacha darasa zao. Katika miaka ya 1990 zikaja shule za shambani, ambamo wakulima hukutana kila juma katika shamba la jirani, tangu kupanda hata kuvuna, wala hakuna alalaye mbali na zizi lake. Na siku hizi vyuo vya ufundi vinagawa kozi kwa vipande viitwavyo moduli. Mtu humaliza kimoja, akaenda kufanya kazi, kisha akarudi kwa kingine.

Basi nasi tufanye hivyo. Kozi ya siku tano iwe siku moja kwa juma, kwa majuma matano. Ianze saa nne, maziwa yakiisha kupelekwa kwenye chama cha ushirika, na imalizike saa nane, ili mtu awahi kukamua jioni. Mambo ya hesabu, kama gharama ya chakula cha ng'ombe na kuandika maziwa ya kila siku, yaletwe kwa karatasi au kwa simu, mtu ayasome usiku. Lakini kutengeneza saileji na kuchunguza kiwele kufundishwe ana kwa ana, kwa kuwa simu haiwezi kuushika mkono wako na kuuongoza. Tena kozi isiwekwe wakati wa kupanda.

Wengine watasema kwamba safari tano za mwalimu hula petroli nyingi kuliko moja, na kwamba watu wataanza kisha waache. Ni kweli. Lakini kitanda kitupu kituoni nacho ni hasara. Na juu ya kuacha, hapo ndipo wajibu wako, mkulima. Somo la vipande si somo jepesi. Ukikosa cha pili, cha tatu kitakushinda. Kwa hiyo jiungeni majirani watano au sita, mwende pamoja, na mmoja akiuguliwa mwenzake amwonyeshe aliyofundishwa.

Mwambieni Bwana Shamba saa zinazowafaa, kila kijiji na saa zake. Msipozisema, sisi wa ofisini tutapanga kwa saa zetu, na ofisini hapana ng'ombe. Mama yule bado anataka kujifunza. Nami ningependa kuliandika tena jina lake, na mara hii nisihitaji kalamu nyekundu.